Mikebe Miwili ya Mama Nashipae

Ukuta kati ya duka langu na la Mama Nashipae ni wa mabati, na mabati hayana siri. Mimi nashona huku, yeye anauza maziwa kule. Kwa miaka yote ambayo tumepakana hapa Kitengela nimesikia kila kitu kinachotoka kinywani mwake: nyimbo za kanisa akiosha mitungi, mabishano yake na redio, hata akipiga chafya najua ni ya vumbi au ya homa. Kwa hivyo asubuhi moja ya Januari niliposikia, "Mizu. Mizu. Mizu," nilisimamisha cherehani.

"Mama Nashipae, uko na nani huko?"

"Niko peke yangu."

"Na Mizu ni nani?"

"Ni maji."

"Maji ya lugha gani, jamani?"

"Kijapani," akanijibu, kana kwamba ananiambia amepika ugali. Halafu akaendelea na mizu yake.

Mimi ni Mwihaki, fundi wa nguo, mtu wa Nyeri, na subira sina. Wateja wangu wanajua. Niliacha sketi ya mtu ikiwa nusu, nikazunguka hadi mlangoni kwake kutaka maelezo.

Jina lake hasa ni Margaret Seleyian, lakini hapa hakuna anayemwita hivyo. Ni mama mnene, mpole, mwenye mvi ambazo hataki kupaka rangi hata nikimwambia. Zamani alikuwa mpishi wa shule. Sasa kila asubuhi anakuja na maziwa kutoka Kisaju, pale mbele kidogo kwenye barabara ya Kajiado, ambako mumewe, Mzee Lemein, anafuga ng'ombe. Jioni anarudi. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Nashipae, na Nashipae akaenda Japani kusoma, akaolewa na Mjapani mmoja mtaratibu, akazaa msichana anayeitwa Mio. Mio ana miaka sita. Nyanya yake wa Kisaju alikuwa hajawahi kumshika hata mkono.

"Krismasi nilipiga simu ya kuonana," aliniambia siku hiyo, akipangusa meza iliyokuwa imeshapanguswa. "Nikamwita, 'Mio! Mio!' Mtoto akakimbia akajificha nyuma ya yule nyanya mwingine. Akauliza kitu. Nikamwambia Nashipae anitafsirie, akakataa. Nikamwambia mimi ni mama yako, nitafsirie."

"Alikuwa anasema nini?"

"Anauliza, 'Huyo ni nani?'"

Nikamshika mkono. Si kawaida yangu.

Nashipae hufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, mara usiku, mara mchana, na mtoto amelelewa na mama ya mumewe. Kwa hivyo Kijapani ndicho anachokijua. Kimaa hana, Kiswahili hana, Kiingereza ni cha kuhesabu vidole tu.

"Yule mwingine anaitwa Obaachan," Mama Nashipae akasema. "Obaachan ni nyanya. Na mimi unajua naitwa nani, Mwihaki? Naitwa simu. Ikilia, mtoto anasema, 'Mama, simu ya Afrika.' Mimi ndio hiyo simu." Akacheka. Kisha kicheko kikamgeuka, akajifunika uso na aproni, na mteja aliyekuwa amekuja na chupa yake akasimama hapo asijue kama aingie au arudi. "Wanakuja Agosti. Hii Agosti nataka huyo mtoto aniongeleshe. Hata neno moja, lakini aniambie mimi."

Sasa, juu ya duka letu kuna chumba ambako kijana mmoja anayeitwa Nick, mtu wa Kimuka, anafundisha Kijapani. Wanafunzi wake ni vijana wanaotafuta kazi huko ng'ambo. Mama Nashipae alipanda ngazi hizo na aproni yake, akaketi mbele kabisa. Nick ni mwalimu mzuri, siwezi kumsema vibaya, lakini ana haraka.

"Shosho, hapa tunaenda mbio," akamwambia. "Kila siku maneno ishirini mapya. Ukiachwa, umeachwa."

Mama Nashipae hakutaka kuachwa. Alianza kuja mapema, na kupitia mabati nikawa nasoma naye bila kupenda: maji, mbwa, paka, mkono, mvua. Kila asubuhi alianzia juu kabisa, na mizu, akashuka hadi mahali alipoishia jana, na kabla hajafika mwisho wateja walikuwa wamejaa. Ya mwanzo aliyajua hadi yakachosha. Ya jana yalikuwa yameyeyuka. Na jioni Nick alikuwa anamngoja na ishirini mengine.

Kabla Februari haijaisha aliingia kwangu akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono mapajani.

"Kichwa yangu imezeeka. Nikiweka ya leo, ya jana inatoka."

"Si uwachane na hiyo maneno," nikamwambia. Nilikuwa na pini mdomoni na hasira za kuonea watu huruma, ambazo ndizo mbaya zaidi. "Mshonee mtoto nguo nzuri, mkumbatie, imeisha. Kukumbatia kunataka Kijapani?"

"Atakumbatiwa na simu?"

Nikazitema zile pini. Aliinuka akaenda kufunga duka, na jioni hiyo hakupanda ngazi.

Kilichomrudisha si mimi wala si Nick. Ni ng'ombe.

Alinisimulia mwenyewe Jumamosi iliyofuata. Alikuwa amesimama na Mzee Lemein kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wakiingia. Wamasai hawahesabu ng'ombe. Hawahesabu mifugo, hawahesabu watoto. Ni mwiko, ni kuita mabaya. Mzee husimama tu pale mlangoni na fimbo yake, anatazama sura moja moja zikipita, na ya mwisho ikishaingia anajua. Jioni hiyo alitazama, akasema, "Yule wa doa la paji hayuko." Akageuka akarudi alikotoka. Hakuingia zizini kuwapapasa waliofika. Alimfuata yule mmoja.

"Nimemwona akifanya hivyo tangu anioe," Mama Nashipae akasema. "Jana ndio nikajiuliza, na mimi? Mimi kila asubuhi naingia zizini kusalimia wale wamelala. Mizu, habari yako. Inu, habari yako. Waliopotea siwatafuti! Halafu jioni naenda kwa Nick kununua wengine. Mzee hawezi kununua ng'ombe mpya kama bado ana mmoja amepotea. Hata umpe bure."

Akatoa mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, imeoshwa inang'aa, mmoja na kifuniko, mwingine bila.

"Nikatie vipande vya nguo. Vidogo hivi. Lakini visifanane. Kila mmoja nataka nimjue sura."

Kama kuna kitu sikosi ni vipande. Nilimkatia kitenge, suruali ya jinzi, pazia la mtu wa Isinya, sare za shule, satini iliyobaki kwa harusi. Akaandika kwa kalamu ya wino mzito, upande mmoja neno la Kijapani jinsi linavyosikika, upande wa pili maana. Asubuhi alivuta kimoja kimoja. Akikijua, kinaingia kwenye mkebe wenye kifuniko. Huo aliuita zizi. Asipokijua, kinabaki kwenye mkebe ulio wazi. Huo ni malishoni. Kesho yake hakugusa zizi kabisa. Alianza na waliolala nje, akawarudia hadi waingie, na mpaka mkebe wa malishoni ukaribie kuisha hakuongeza hata kipande kimoja. Jumapili baada ya kanisa ndiyo siku ya kufungua zizi na kutazama kama kuna aliyetoroka kimya kimya. Aliyetoroka alirudishwa malishoni bila kugombezwa.

Siku nyingine alimfuata Nick na kumwambia waziwazi, "Leo sichukui mpya, mwalimu. Wangu wengi bado wako nje."

Nick alipoonyeshwa mikebe alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. "Shosho, kuna programu ya simu inafanya hivi hivi! Inakuletea yale umesahau, inaacha yale unajua."

"Basi hiyo simu imelelewa Kisaju," Mama Nashipae akasema.

"Lakini na hii mwendo, kitabu hutamaliza."

"Mimi sina mtihani ya kitabu. Mtihani yangu iko na miaka sita na inakuja na ndege."

Kulikuwa na neno moja lililomtesa kuliko yote. Aliliandika kwenye kipande cha shuka nyekundu. Kumbe huko Japani mtu akirudi kwao, iwe ni shuleni au kazini, akifika mlangoni anasema "tadaima", kwamba nimerudi. Na waliomo ndani wanamjibu "okaeri", karibu nyumbani. Tadaima aliishika. Okaeri ilikataa. Maneno marefu ya kuvunja ulimi, hata maziwa, ambayo wanayaita gyuunyuu kana kwamba ndama ndiye aliyeyapa jina, yaliingia zizini yakatulia. Okaeri ikiingia leo, Jumapili haipo. Kila asubuhi kile kipande chekundu kilikuwa juu ya mkebe wa malishoni.

"Mtu akirudi nyumbani, anajibiwa... anajibiwa..."

"Okaeri!" nikapiga kelele kutoka upande wangu. "Ni okaeri, Mama Nashipae! Hata cherehani inajua!"

"Usinisaidie! Mwache aje mwenyewe!"

Siku hizo alikuwa mtu wa furaha, na mimi nikaanza kujivuna kwa ajili yake. Hapo ndipo tukagombana. Alikuwa amekwenda benki, ameniachia duka, na mteja wangu Nyakio, mwanamke asiyeamini kitu, akasema mama wa umri ule hawezi kujifunza Kijapani. Nilikasirika. Nikachukua mkebe wa zizi, nikaumwaga kwenye meza yangu, nikahesabu kipande kwa kipande mbele ya macho yake, na jumla nikaiandika juu ya kifuniko kwa chaki ya kupimia nguo, kubwa, ili kila mtu aone.

Mama Nashipae aliporudi alikiona kifuniko kabla hajaweka mkoba chini. Uso ukambadilika.

"Umewahesabu?"

"Nimekutetea! Nyakio alikuwa anasema..."

"Mwihaki, umewahesabu." Akafuta chaki kwa aproni, polepole, mpaka bati likawa safi. Akabeba mikebe yake akaingia kwake, na kwa siku kadhaa nilichosikia kutoka upande ule ni redio tu.

Hadi leo sioni kosa langu. Sisi kwetu tunahesabu kila kitu, hata maharagwe ya mbegu, na hakuna aliyekufa. Lakini wiki hiyo maneno yakamtawanyika kweli. Jumapili alifungua zizi akakuta karibu nusu amewasahau. Jumatatu akaja akasimama mlangoni kwangu na chupa ya maziwa mkononi.

"Umeona? Umewahesabu, wametoroka."

"Wametoroka kwa sababu umenuna siku hizo zote na hujasoma."

Akafikiri. "Pia hiyo inaweza kuwa," akasema, akaniachia maziwa. Nikamkatia vipande vingine na hatukuizungumzia tena.

Mvua za masika zikanyesha, zikaisha. Vijana wa juu walifanya mtihani wao, wengine wakafaulu, wakaja wengine wapya. Mama Nashipae alikwenda kwa mwendo wake. Kuna wiki nzima zilizopita bila neno jipya hata moja, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanazaa na alikuwa anachoka, na aliyechoka hupoteza. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Kila nikiutikisa ule mkebe wa zizi nilihisi ni mwepesi.

"Julai inaisha," nikamwambia. "Ongeza! Hata kama yatapotea, mengine yatabaki!"

"Nikionana na mtoto nitaongea na yale niko nayo," akasema. "Yale nimepoteza, nitaongea nayo aje?"

Kisha Agosti ikafika, na ndege ikafika.

Nilitamani kukuambia kwamba mambo yalienda vizuri. Alifika uwanja wa ndege akiwa na shanga zake zote na gauni nililomshonea. Mio akatokea na mama yake: msichana mdogo, nywele nyingi zimefungwa mafungu mawili, macho ya Mzee Lemein kabisa. Mama Nashipae akainama akasema, bila kosa, "Konnichiwa, Mio-chan." Mtoto akainamisha kichwa kwa adabu, akaenda nyuma ya mama yake, akashika koti lake na hakuliachilia hadi Kisaju.

Ikawa hivyo siku ya kwanza, ikawa hivyo ya pili. Nyanya akamwonyesha mbwa, akasema inu. Akamwonyesha ng'ombe, ushi. Akamletea kikombe cha maziwa na gyuunyuu yake yote, akauliza kama ni tamu. Mtoto alikuwa anaelewa. Alikunywa, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akamtazama mama yake. Sauti hakutoa.

"Yeyo, mpe muda," Nashipae akamwambia mama yake. "Hata kule yuko hivyo na wageni."

Alisema kwa upole, lakini neno hilo lilimwingia Mama Nashipae vibaya. Asubuhi ya siku iliyofuata alifungua duka, akauza maziwa ya watu wa mapema, akaingia kwangu akaweka mikebe yote miwili mezani.

"Chukua vipande vyako. Shonea mtu mto."

"Nini tena?"

"Mimi ni mgeni. Nashipae amesema. Mgeni anayejua mbwa na paka." Akaisukuma mikebe upande wangu. "Nilidhani nikiwa na maneno atanijua. Sasa niko na maneno na bado hanijui. Wiki yao inaenda, Mwihaki. Ataenda kabla hajaniambia kitu."

Hapo damu ilinichemka. "Ngoja kwanza! Mimi nimesumbuliwa na okaeri kupitia mabati tangu mwaka uanze, mpaka naiota, halafu leo uniambie nishone mto? Funga duka! Tunaenda Kisaju. Hata hivyo sijampima mtoto gauni yake."

Nilibeba futi yangu ya kupimia shingoni, yeye akabeba mikebe kwapani kwa sababu sikukubali iachwe.

Nashipae alikuwa amekwenda Nairobi kushughulikia pasipoti, angerudi jioni. Mio tulimkuta kwenye kizingiti, amejifunika koti la mama yake. Nikampima. Alisimama wima kama askari, akainua mikono nilipomwonyesha, hakusema neno. Kisha Mzee Lemein akatoka ndani. Mzee huyu Kijapani hajui hata mizu. Alichukua fimbo yake, akamtazama mtoto, akanyoosha kidole kimoja upande wa malishoni, na kingine akakiacha kinaning'inia chini. Mio akakitazama kile kidole. Akakishika. Wakaenda zao.

"Umeona?" Mama Nashipae akaniambia, machozi yakimtoka. "Na hajasoma hata siku moja!"

"Kanda unga," nikamwambia.

Tulikanda chapati. Tulizungumza habari za Nyakio, bei ya mchele, mchungaji mpya. Jua likateremka, tukasikia kengele za ng'ombe, tukamsikia mzee akiwapigia mluzi. Mama Nashipae alikuwa ameelekea jiko, mgongo kwa mlango, anasukuma chapati. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pa kuona.

Nilimwona Mio amefika mlangoni, miguu imejaa vumbi, majani kwenye nywele. Akavua viatu. Akaviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine, vimetazama nje. Na kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyezoea kufanya hivyo kila siku ya maisha yake wala hafikirii, akasema:

"Tadaima."

"Okaeri," akasema Mama Nashipae. Hakugeuka. Hakufikiri. Aliendelea kusukuma chapati.

Kisha mikono yake ikasimama.

Mtoto naye alisimama. Alimtazama nyanya yake, yale mabega mapana na fundo la aproni, kana kwamba ameingia sasa hivi kutoka mahali fulani. Akarudi nyuma, akavuka kizingiti, akatoka nje. Akaingia tena.

"Tadaima!" Mara hii kwa nguvu.

Mama Nashipae akageuka, unga hadi viwikoni. "Okaeri, Mio-chan."

Woi. Bomba likafunguka. Mtoto alianza kusema, na alisema! Alionyesha nje, akainua mikono juu, akaiga ndama anavyoanguka, akacheka, akashika aproni, akaivuta, na katikati ya yote hayo nikasikia, wazi kabisa, mara moja na mara nyingine tena, Obaachan, Obaachan. Mama Nashipae hakuelewa hata robo. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilisikia ng'ombe na kubwa, basi. Alipiga magoti pale sakafuni akawa anaitikia tu, "Sou, sou," ndivyo, ndivyo, huku anampaka unga kwenye nywele. Mimi nililia bila aibu na chapati moja ikaungua.

Siku zilizobaki sikumwona sana dukani. Alikuja mara moja tu, na Mio mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, akaniambia, "Nikatie vipande. Huyu ameleta kundi zima." Nikamkatia.

Asubuhi ya kuondoka waliniita nimvishe mtoto gauni jipya, kwa hivyo nilikuwa Kisaju langoni gari lilipokuja. Mama Nashipae alikuwa ameliandaa neno lake. Sayonara ni neno rahisi, hata wewe unalijua. Liliingia zizini siku ya kwanza na halikutoka kamwe. Alimshika Mio mashavu akamwambia, "Sayonara, Mio-chan."

Mtoto akatikisa kichwa. Si kidogo, alikitikisa mpaka mafungu ya nywele yakampiga usoni. Akarudi hatua moja, akaweka mikono kwenye mapaja, akainama, akasema kwa sauti kubwa:

"Ittekimasu!"

Mama Nashipae alinitazama mimi. Mimi nikalitazama gari. Neno hilo halikuwa kwenye mkebe wowote.

"Anasema nini? Nashipae, anasema nini?"

Nashipae alikuwa ameshaingia garini nusu. Akatoka tena. "Yeyo, ni ile anasema asubuhi akitoka nyumbani kuenda shule. Naenda, nitarudi." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Mgeni ndiye anaambiwa sayonara. Mtu hawezi kuambia nyumbani kwao."

"Na anajibiwa aje?"

"Itterasshai. Enda, urudi."

Mama Nashipae alijaribu kulisema. Alilivunja vibaya, akalirudia, gari likaanza kutembea, akawa anatembea nalo huku anaita, na kichwa kidogo kilikuwa nje ya dirisha kikimrekebisha hadi barabarani.

Jumatatu alikuja akaomba kipande kimoja tu, cha kitambaa cha lile gauni. Nilikuwa nimekiweka. Akaandika, akakitia kwenye mkebe wa malishoni.

Miezi imepita. Kila asubuhi namsikia kupitia mabati, na hilo ndilo neno la kwanza. Analisema vizuri, Nick mwenyewe amemsikia akamsifu. Mengine yanaingia zizini, yanatoka, yanaingia tena, lakini kile kipande cha gauni kiko pale pale kwenye mkebe ulio wazi. Unanijua, siwezi kunyamaza. Juzi nikazunguka nikamwambia:

"Mama Nashipae, si hiyo umeshaishika? Weka ndani na kifuniko."

Alikuwa anaosha mtungi. Hakuinua hata kichwa.

"Huyo bado hajarudi," akasema.